Dakika Tano hadi Karpathos

Kutoka kiwanja cha ndege cha kisiwa cha Kasos hadi kile cha kisiwa jirani cha Karpathos ni dakika tano angani. Wengine husema nne, wengine sita. Inategemea upepo, na inategemea nani anajisifu. Ukianza kumenya chungwa ndege ikiondoka, utatua na nusu ya maganda mkononi. Mhudumu huanza kueleza milango ya dharura iko wapi, na kabla hajaufikia wa pili magurudumu yanagusa chini. Wageni hucheka sana. Wenyeji hawacheki, kwa sababu wanajua kwamba dakika tano zinawatosha watu wawili kugombana, kupatana na kugombana tena.

Bi Sevasti alizihitaji zote tano, na asingekubali kupunguziwa hata moja.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwanawe wa pekee, Iraklis, alikuwa ameoa Karpathos, akahamia huko kijiji cha Menetes, kwenye nyumba ya mkewe Evgenia, maana huko nyumba ni za wanawake na mwanamume huingia na sanduku lake la nguo tu. Wakapata mtoto wa kiume, wa kwanza. Mtoto alikuwa na miezi minane na hana jina. Visiwani mtoto hana jina mpaka abatizwe. Hadi siku hiyo huitwa Bebe, awe mpole, awe mtundu. Na jina halitajwi na baba wala mama. Hutajwa na baba wa ubatizo, mbele ya padri, na likishatoka mdomoni mwake limetoka.

Sasa, mtoto wa kiume wa kwanza hubeba jina la babu mzaa baba. Sheria hiyo haijaandikwa popote kwa sababu hakuna aliyewahi kuisahau. Babu mzaa baba alikuwa Frangios, mume wa Sevasti, baharia, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Basi tatizo liko wapi? Tatizo lilikuwa Bi Sofilla, mama yake Evgenia, mwanamke wa Menetes mwenye binti mmoja, mume aliye hai aitwaye Nikolas, na mdomo usiojua likizo.

"Mume wangu ana masikio," Sofilla alimwambia kila aliyekubali kusimama. "Mpeni mtoto jina la Nikolas, naye Nikolas alisikie angali hai. Marehemu, Mungu amrehemu, atalisikia kwa masikio gani?"

Maneno hayo yalivuka bahari yakamfikia Sevasti kabla ya chakula cha mchana. Yalimchoma, na yakaendelea kumchoma kila alipoosha sufuria.

Iraklis akaulizwa. Iraklis ni mwana mwema lakini moyo wake ni wa sungura. Alisema, "Mama, mimi simo. Anayemshika mtoto ndiye anayetaja. Muulizeni Stratis."

Stratis ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo. Alikuwa rafiki wa Iraklis tangu utotoni, pande la mtu, fundi wa mitambo ya meli, aliyepoteza nusu ya usikivu wake kwenye chumba cha injini na hakuwahi kuulilia. Ubaya wake ulikuwa mmoja: hakuweza kumnyima mtu. Sevasti alipomuuliza, alisema, "Tutaona, shangazi." Sofilla alipompigia simu, akasema, "Tutaona, shangazi." Sofilla hakulipenda neno hilo. Akapanda meli akaja Kasos siku mbili kabla ya ubatizo, eti kumsindikiza baba wa ubatizo asije akapotea njia.

Kupotea! Karpathos inaonekana kutoka dirisha la jiko la Sevasti. Mtu angeweza kupotea kwa namna gani?

Na kwa kuwa mkwe ni mkwe, Sofilla alifikia kwa Sevasti. Alilala kwenye shuka zake zenye lasi, akala majani yake ya mzabibu yaliyofungiwa wali ndani, madogo kama ncha ya kidole, jinsi yanavyotakiwa kuwa.

"Madogo hivi, mkwe?" alisema Sofilla akiinua moja kwa uma. "Kwetu haya tungempa kanari."

"Kwenu mna haraka," alisema Sevasti. "Kula, mkwe, kula. Usije ukasema kwa watu kwamba Kasos umelala njaa."

Siku hizo mbili Sofilla hakumwacha Stratis hatua moja. Stratis akienda kwenye mkahawa wa bandarini, Sofilla naye ana kiu. Stratis akienda kuoga baharini, Sofilla ameketi juu ya mwamba, amevaa nguo zake nyeusi, anamshikia taulo. Sevasti hakupata naye hata neno moja la faragha. Ilipokuwa kesho ndiyo safari, upepo wa Agosti ukaamka vizuri, meli ikafutwa, na ikabidi wote watatu waende kwa ndege. Sofilla alinung'unika. Sevasti alipiga ishara ya msalaba kwa furaha, kwa sababu kwenye meli watu hukaa popote, bali kwenye ndege viti ni viwili viwili.

Alitoka jioni hiyohiyo kwenda kwa binamu yake Manthos. Huyu Manthos ndiye kiwanja cha ndege cha Kasos. Yeye hupima mizigo, yeye hutoa tiketi za kupandia, na ndege inapokaribia yeye huvaa kofia ya zimamoto na kwenda kusimama karibu na njia ya ndege.

"Manthos, niweke na Stratis," alisema Sevasti. "Na mkwe wangu mweke mkiani."

"Mkiani kuna choo, binamu."

"Vizuri. Atakuwa karibu na mahitaji yake."

Usiku huo mgeni alipolala, na alfajiri tena kwenye banda la kuku, Sevasti alifanya mazoezi ya hotuba yake. Mwanzoni ilikuwa ndefu mno; ingemfikisha Athene. Akakata harusi. Akakata habari za mahari. Akakata ile hadithi ya Frangios na kasa, ingawa iliwafurahisha kuku. Ilipobaki sheria tupu na haki tupu, ikaenea ndani ya dakika tano kama mguu kwenye soksi.

Asubuhi wakapanda. Ilikuwa ndege ya mapangaboi, nusu imejaa. Sofilla alipoona kiti chake alisimama kwenye ujia, mkoba kifuani.

"Nani kanipangia huku nyuma?"

"Kompyuta, shangazi," alisema Manthos kutoka mlangoni, na kofia ya zimamoto tayari kichwani.

"Hiyo kompyuta ina ukoo gani?"

Mhudumu akamwomba akae. Sofilla akakaa, akafunga mkanda, akamkazia macho Sevasti kisogoni kwa umbali wa safu zote zile, na Sevasti aliyahisi. Injini zikaanza kuunguruma. Ndege ikakimbia, ikainuka, na bahari ikaonekana chini, nyeupe kwa mawimbi. Sevasti akamgeukia Stratis, akafungua kinywa, akaanza.

"Mwanangu Stratis, wewe ni mtoto wa Kasos, na unajua kwamba tangu mababu—"

"Eeh?" alisema Stratis, akiinamisha sikio.

"Nasema tangu mababu!"

"Mababu wamefanyaje?"

Ole wake! Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa injini mbili za ndege juu ya masikio yaliyokwishaharibiwa na injini za meli. Tayari nyumba za Fri, mji wa Kasos, zilikuwa zimebaki nyuma. Alivuta pumzi akapiga kelele, "Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba!"

Ndege nzima iligeuka.

"Ni kweli," alisema mzee mmoja mwenye kofia, safu ya mbele. "Ndivyo ilivyo."

"Inategemea," alisema mama mmoja aliyepakata sinia la vitamu vya asali. "Je, huyo babu mzaa mama yuko hai?"

"Yuko hai!" ilijibu sauti kutoka mkiani. "Yuko hai na anasikia!"

"Basi hapo kuna mjadala," alisema mama wa sinia.

"Mjadala gani? Nani kakuuliza wewe?" alisema mzee wa kofia. "Shika sinia lako."

Mhudumu alikuwa ameinua mkono kuonyesha mlango wa dharura wa kwanza. Aliushusha. Sevasti aliona kisiwa cha Karpathos kinakuja dirishani, mlima wake, barabara yake, na hotuba yake yote aliyoipunguza kwa taabu ikamtoka kichwani. Sheria haikubaki, haki haikubaki. Lililobaki lilikuwa lile ambalo hakuwa amewaambia hata kuku. Akalisema kwa sauti kubwa kwa sababu hakukuwa na sauti nyingine ya kulisemea.

"Stratis! Miaka arobaini nimeliita jina hilo kutwa mara ishirini! Frangios, vua viatu! Frangios, mbuzi katoroka! Frangios, kahawa inapoa! Sasa nimwite nani? Mdomo wangu hauna kazi, mwanangu! Simwombei marehemu. Marehemu amepumzika. Najiombea mimi!"

Hilo Stratis alilisikia. Ndege nzima ililisikia. Hata mama wa sinia alitazama chini. Macho ya yule pande la mtu yakajaa maji, akamshika Sevasti mkono kwa mkono wake mkubwa wenye harufu ya sabuni, akafungua kinywa kumjibu.

Hapo ndipo upepo ulipoishika ndege.

Kila mtu visiwani anaujua upepo wa kiwanja cha Karpathos. Unashuka kutoka mlimani, unakimbia juu ya njia ya ndege, na vijana kutoka Ujerumani hulipa ili wapigwe nao wakiwa juu ya mbao zao za tanga. Ndege ilishuka ghafla kama lifti iliyokatika kamba, ikainuka, ikalala ubavu. Sinia la vitamu liliruka. Magurudumu yalikuwa karibu kabisa na ardhi injini zilipopiga ukelele na ndege ikapanda tena juu, na Karpathos ikabaki nyuma.

Sauti ya rubani ikasikika, tulivu, kama ya mtu anayeagiza kahawa. "Mabibi na mabwana, upepo umetukatalia. Tutazunguka, tutajaribu tena."

Wakazunguka. Dakika tano zilikuwa zimekwisha zamani, na hizi zilizofuata hazikuwa za mtu. Stratis alifumba macho. Mzee wa kofia alianza sala, akaikosea, akaianza upya. Asali ilikuwa inachuruzika dirishani. Wakashuka mara ya pili, na safari hii Sevasti alipotazama nje aliona bahari mahali panapokaa mbingu.

Hakuwaza kifo. Alimwaza Bebe. Alikuwa amempakata mara nne tu tangu azaliwe, na mara ya mwisho mtoto alimshika pua akakataa kuiachia. Angekufa hapa, juu ya mkondo ambao mumewe aliuvuka maisha yake yote, na mtoto angekua bila kujua kwamba kulikuwa na pua hiyo duniani. Na mjane wa baharia anapokabwa na hofu juu ya bahari, mdomo haumwulizi ruhusa. Unamwita mtakatifu wa mabaharia kama mkono unavyokwenda kwenye goti lililogongwa.

"Mtakatifu Nikolas!" alipiga ukelele. "Nishushe salama nimwone mtoto, naye atakuwa wako! Nitampa jina lako! Nikolas ataitwa, Nikolas!"

Ndege ilitikisika, ikasita, kisha ikakaa juu ya ardhi ya Karpathos taratibu, kama mama anayelaza mtoto aliyesinzia.

Abiria wakalipuka kwa makofi. Watu walipiga ishara ya msalaba, walibusiana, mzee wa kofia alimbusu mama wa sinia. Makofi yalipotulia, sauti moja ikatoka mkiani, safi, isiyo na hata chembe ya woga.

"Nimesikia!"

Sevasti akafumba macho. Maji yakimwagika hayazoleki. Kulikuwa na watakatifu wangapi mbinguni? Angemwita Marina, ambaye kanisa lake lipo jirani na kiwanja cha Kasos, amekaa bure hana kazi. Angemwita Mikaeli mwenye mabawa, ambaye angalau mambo ya kuruka anayajua. Lakini hapana. Amekwenda kumwita yuleyule mwenye jina la mume wa Sofilla.

Nje upepo uliwasukuma wote kuelekea jengoni. Sofilla alimfikia akiwa ameshika sketi kwa mkono mmoja na mkoba kwa mwingine.

"Mkwe wangu mpendwa," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Nimesikia mimi, ndege imesikia, na mtakatifu kasikia. Ahadi ni deni."

"Najua deni ni nini, mkwe."

"Sisemi kitu. Nasema tu kwamba nadhiri si wali, kwamba ukishiba unaweza kubakiza."

Iraklis alikuwa anawasubiri na gari, uso umempauka kwa sababu alikuwa ameiona ndege ikija na kuondoka. Sofilla akawahi kiti cha mbele ampigie mumewe simu. Stratis akamvuta Sevasti kando, nyuma ya ukuta uliozuia upepo, akanong'ona, na mnong'ono wa mtu asiyesikia vizuri ni sawa na mazungumzo ya kawaida.

"Shangazi, nilikuwa nishafungua mdomo. Nilitaka kukwambia ndiyo."

"Nilikuona."

"Na mimi ni nusu kiziwi, dunia nzima inajua. Injini zilikuwa zinalia. Nilisikia Frangios. Baada ya hapo sikusikia kitu. Padri akiniuliza, nitataja nilichosikia."

Sevasti alimtazama. Nadhani hakuna aliyewahi kumpa mwanamke huyu zawadi kubwa kuliko hiyo, na alitaka kuipokea kwa mikono miwili. Aliitaka kama mtu anavyotaka maji. Ilitosha asiseme kitu, aingie garini. Upepo ulimpigapiga kitambaa usoni.

"Frangios alikwenda na kurudi baharini miaka thelathini," alisema mwishowe. "Kila alipoondoka niliwasha mshumaa kwa huyohuyo Nikolas, na kila mara akamrudisha. Hata mara moja hakunidanganya. Leo nimwambie sikusema?"

"Atakuelewa, shangazi."

"Ndiyo maana siwezi. Angekuwa mtu mbaya, ningemdhulumu bila tabu." Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, kwa hasira. "Taja Nikolas. Na utaje kwa sauti, usije ukanifanya nisikie mara mbili."

Kanisani Menetes, Stratis alimshika mtoto aliyepakwa mafuta mwili mzima, anayeteleza kama samaki. Padri akauliza jina. Stratis akamtazama Sevasti kwa mara ya mwisho, na Sevasti akaitikia kwa kichwa. "Nikolas," alisema Stratis. Mtoto akazamishwa mara tatu, akalia kwa ghadhabu ya haki. Sofilla alilia pia. Mumewe, mzee mpole ambaye hakuwa ameomba lolote katika mambo haya, alikuja kumbusu Sevasti mashavu yote mawili, akasema polepole, "Nisamehe, mama. Ningeweza kuishi bila mtoto kuitwa jina langu." Sevasti akamwambia hana kosa. Kisha alisimama kwenye ngazi za kanisa, akapokea pongezi za watu, "Awaishie! Awaishie!", yaani mtoto awe na maisha marefu, akitabasamu kwa meno yote, na moyoni alihisi kana kwamba amemzika mumewe mara ya pili.

Karamu ilikuwa kwenye ukumbi wa kijiji, na kijiji kizima kilikuja, kama inavyopasa. Kulikuwa na tambi za kukandwa kwa mkono zilizomiminiwa vitunguu vya kukaanga, kulikuwa na mbuzi aliyejazwa wali, na kona moja wapiga zeze na udi walikuwa wanakaza nyuzi. Sevasti aliwekwa meza ya heshima. Alikula kwa sababu asipokula wangemsema.

Sofilla alikuwa kila mahali. Leo ilikuwa siku yake na alitaka kulitumia jina hilo kila dakika.

"Nikolas!" alimwita mumewe kutoka mlango wa jikoni. "Njoo ushike hili sinia!"

Wakainuka wanaume watano.

Walitazamana, wakacheka, wakakaa. Maana jambo lenyewe ni hili: babu yake mume wa Sofilla naye aliitwa Nikolas, alikuwa na wana watano, na kila mmoja wa wana hao, kwa ile sheria isiyoandikwa, alimpa mwanawe wa kwanza jina la babu. Hivyo Menetes ina mabinamu watano, wote akina Nikolas, wote ukoo mmoja, wote wazee, na hakuna hata mmoja anayekosa karamu. Kuwatofautisha, kijiji kiliwapa majina: Nikolas wa Nyuki, Nikolas Baltimore aliyeishi Marekani, Nikolas Mguu, Nikolas wa Duka, na mume wa Sofilla ambaye huitwa Nikolas Kimya, kwa sababu ambazo hazihitaji maelezo.

Muziki ukaanza. Baadaye kidogo Evgenia alimnusa mtoto na kumpa mama yake. Sofilla akaingiza mkono, akautoa, akapiga kelele juu ya zeze, "Jamani, Nikolas amelowa! Nani amebeba nepi za Nikolas?"

Muziki ulisita. Mabinamu watano walijitazama suruali.

"Mimi ni mkavu," alisema Nikolas wa Nyuki.

"Na mimi," alisema Nikolas Baltimore. "Mtazameni Mguu, yeye ndiye mkubwa kuliko wote."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Sofilla aligeuka mwekundu. "Mtoto! Nasema mtoto, mabwege nyinyi! Nikolas mdogo!"

"Nikolas mdogo ni mimi," alisema Nikolas wa Duka, ambaye ana miaka sitini na tisa. "Nimeitwa hivyo tangu nizaliwe. Jina lina mwenyewe."

"Basi wa Iraklis!"

"Iraklis yupi?" aliuliza mtu. "Hata yule wa posta ni Iraklis, na ana Nikolas."

Mabishano yakaanza kwa dhati, kwa sababu hili kwao si mzaha. Mtu asiye na jina la kumtofautisha hupata barua za wengine na lawama za wengine. Wakapendekeza hili, wakakataa lile. Nikolas Kimya, aliyekuwa bado ameshika sinia, alikohoa. Ni jambo la nadra, watu wakanyamaza.

"Huku mtu huitwa kwa watu wake," alisema. "Huyu ni wa Frangios. Nikolas wa Frangios. Mwingine wa namna hiyo hatuna."

Hakuna aliyepinga. Lilikuwa jibu sahihi tu, kama ukuta ulionyooka. Wakarudi kwenye sahani zao, na muziki ukaendelea. Na kwa kuwa Nikolas wa Frangios ni maneno mengi kwa mtu mwenye tambi mdomoni, kabla mbuzi hajaisha watu walikuwa wameshaanza kuyakata, na hawakukata ule mwisho. "Leteni huyo wa Frangios nimtemee mate jicho baya lisimpate." "Mweke wa Frangios mbali na upepo." Sevasti alisikia la kwanza akadhani ni masikio yake. Alisikia la pili, akaweka uma chini.

Ndipo Sofilla, mwenye mtoto begani na nepi mbichi mkononi na mambo kumi ya kufanya, akafungua mlango wa jikoni kwa kiwiko akamwita binti yake kwa sauti ya kila siku, bila kufikiri:

"Evgenia! Frangios anataka maziwa!"

Akajisikia mwenyewe. Alisimama palepale. Polepole akageuka kuitazama meza ya heshima, na Sevasti alikuwa anamtazama.

"Usiniangalie hivyo, mkwe," alisema Sofilla. "Jina lake ni Nikolas. Nilikuwa namtofautisha tu."

"Sijasema kitu."

"Basi mbona unanitazama?"

"Kuna muziki hapa," alisema Sevasti, na sauti yake haikuwa imara. "Sikusikia vizuri. Ita tena."

Sofilla alimtazama mwanamke huyu wa Kasos aliyemlaza kwenye shuka za lasi na kumweka karibu na choo. Alimtazama muda mrefu kuliko safari ya ndege ya kutoka Kasos hadi hapa. Kisha akamkabidhi Stratis nepi, akamgeuza mtoto uso kwa uso, akajaza kifua hewa ya Menetes, na akaita kwa mapafu yake yote, hata mpiga zeze akaacha kupiga:

"Frangios!"

Na mtoto, ambaye hadi asubuhi ile hakuwa na jina lolote, akageuza kichwa.